Mshenga Amekuja kwa Ajili ya Usukani

Nyuma ya karakana ya maseremala,
S.L.P. 218.
Jumapili, 14 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua sasa umetulia. Je, mkanda aliokupa daktari unauvaa kweli, au umeutundika nyuma ya mlango kama anavyokushtaki binti yako? Tafadhali uvae, Shangazi. Vipi usingizi? Vipi hamu ya kula? Na hali ya hewa huko, bado ni ile baridi ya kulala na soksi?

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mke wangu anakuamkia. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na anajivuna nalo kuliko alivyojivuna lilipoota. Unakumbuka lori letu tuliliita Kibogoyo kwa sababu ya zile nondo za mbele zilizong'oka usoni pake. Sasa mtoto anasema wako vibogoyo wawili, na kwamba yeye ni mdogo wake Kibogoyo. Shuleni anaendelea vizuri, ila mwalimu analalamika kuwa mdomo wake haupumziki. Nikamwambia mwalimu kwamba ameurithi kwa upande wa shangazi yangu. Nisamehe.

Ninaandika hasa kukushukuru kwa ushauri ulionipa kwenye simu, ingawa siku ile niliupokea kama mzaha. Simu ilikuwa ikikatika-katika na mimi nilikuwa bado natetemeka, kwa hiyo sikukueleza vizuri. Nimeona nikuandikie yote tangu mwanzo, kwa mpangilio. Unanijua: nimeifungua shajara yangu hapa mezani ili nisichanganye siku.

Mwishoni mwa Juni niliona matairi ya mbele ya Kibogoyo yanalika upande mmoja. Nikalipeleka kwa Baba, yaani baba mkwe wangu, fundi. Unamkumbuka vizuri, maana wewe ndiye uliyekaa naye uso kwa uso siku mlipokwenda kumposa binti yake kwa niaba yangu. Gereji yake iko pale pale, katikati ya mtaa wa mafundi, na watu bado wanamletea magari kutoka mbali. Sikufikiria kwenda kwingine. Mkwe wa fundi akionekana kwenye gereji ya mtu mwingine, hilo ni tusi la hadharani.

Baba akalipiga jeki, akayatikisa magurudumu ya mbele, akasema kingipini zimekwisha. Hizo ni zile pini nene ambazo gurudumu la mbele huzungukia unapokata kona. Akazitoa, akaweka mpya pamoja na bushi zake, ambazo ni kama vikombe vya chuma visivyo na kitako, pini inacheza ndani yake. Aliponikabidhi funguo aliniambia maneno ambayo niliyaandika usiku huo huo, na ni vizuri niliyaandika:

"Bushi mpya hubana kidogo, mwanangu. Zikizoea zitalegea. Zisipolegea, uniambie. Goti langu siku hizi halitaki klachi, kwa hiyo siwezi kulijaribu mwenyewe. Mimi namsikiliza dereva tu."

Shangazi, kuanzia kona ya kwanza nilijua mambo si mazuri. Usukani ulikuwa mzito kama ninasukuma kabati lililojaa nguo. Na uzito haukuwa tatizo kubwa. Gari lolote, ukishakata kona na kulegeza mikono, usukani hurudi wenyewe na magurudumu yananyooka. Huu haukurudi. Nikikata kushoto unabaki kushoto, mpaka niuvute kwa nguvu zangu zote. Jioni nilikuwa nashindwa hata kumnyanyua mtoto.

Nikasema moyoni, zitalegea. Siku zikapita, usukani ukawa mzito zaidi.

Jumamosi nilipita gereji kumwamkia Baba. Alikuwa amekaa na mafundi wenzake wa gereji za jirani, wanakunywa soda. Akaniuliza mbele yao wote, kwa ile sauti yake ya kujiamini:

"Haya mkwe, vipi usukani?"

Nami nikajibu, "Mlaini kama siagi, Baba."

Sijui hiyo siagi niliitoa wapi. Ilitoka tu. Baba akawageukia wenzake, akasema, "Mmesikia? Siagi!" Wakacheka, wakampigia makofi. Mimi nikaondoka pale nikiwa nauvuta ule usukani kwa mikono miwili, huku uso wangu ukitabasamu mpaka nilipopotelea kwenye kona.

Utaniuliza kwa nini nilisema vile. Ningeanzaje, Shangazi? Mtu alinipa mtoto wake, halafu mimi nimsimamie mbele ya wenzake nimwambie kazi yako mbovu? Ulimi ulikataa kabisa.

Nilimweleza mke wangu. Akaniambia, "Mwambie." Nikamwambia, "Mwambie wewe, ni baba yako." Akasema, "Mimi? Mimi ni binti yake, niliyelishwa na mikono ile ile yenye grisi, leo nikamwambie mikono yako haijui kazi? Wewe ndiye dereva." Nikasema, "Mimi ndiye mkwe." Akanitazama, akaendelea kukunja nguo, kisha akasema, "Sawa. Tuuachie ukuta umwambie."

Nilijaribu njia ya panya. Nilikwenda kwenye gereji moja mwisho kabisa wa mtaa, ambako nilidhani hawanijui. Fundi wa pale, mrefu kama nguzo, akainama chini ya gari, akachomoza kichwa. "Hii si kazi ya mzee, baba mkwe wako?" Akasimama, akajipangusa magoti. "Bwana, mimi siigusi. Kesho ataniuliza nani alinipa ruhusa ya kumfungulia kazi yake, nitamjibu nini? Kaongee na mzee." Nilimwomba asimwambie mtu. Kusema kweli, alinitunzia siri hiyo, na leo namshukuru kwa mambo yote mawili: kukataa na kunyamaza.

Sasa nakuja kwenye ile siku niliyokupigia simu. Nilikuwa nimebeba vitanda kutoka kwa maseremala, na mke wangu alikuwa amekaa nami mbele kwa sababu nilikuwa nampeleka sokoni. Tulipofika kwenye kona ya duka la dawa, nikakata kushoto taratibu kama kawaida. Nikaanza kuuvuta usukani urudi. Ukagoma. Nikavuta tena, mke wangu naye akaushika kwa mikono yake, tukavuta pamoja. Kibogoyo akaendelea kukata kona hiyo hiyo kana kwamba amekusudia kununua dawa. Pale nje ya duka kuna benchi la wanaosubiri. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Gari lilisimama bampa likiwa limegusa benchi. Watu wote walikuwa wameruka, isipokuwa bibi mmoja aliyebaki amekaa vile vile, mkoba wake mapajani. Akanitazama kupitia kioo, akaniambia:

"Wewe mjukuu, mimi hapa nimekuja kutafuta uhai. Kama unao mwingi wa kuchezea, nenda ukauchezee kwenu."

Nilishuka nikamwangukia miguuni. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Tulirudi nyumbani kwa mwendo wa kobe, mke wangu akinisaidia kuuvuta usukani. Alipofika alikaa kitandani, akaanza kulia bila sauti. Ndipo nilipokupigia.

Unakumbuka hali yangu. Niliegesha lori, nikasema sitaligusa. Kiongozi wa maseremala alikuwa ameshamtuma mtu kuniambia kwamba vitanda na milango ya watu haviwezi kusubiri, na kufikia Jumatatu atatafuta lori jingine, na akishalipata hatakuwa na sababu ya kunirudia. Na bila Kibogoyo, Shangazi, nyumba hii hatuna kingine. Nawe ulinisikiliza, ukaguna, ukaniambia: "Una mdomo wa kuomba mke kupitia mshenga, lakini wa kuomba usukani huna? Mtafute mshenga yule yule!" Ukakata simu huku unacheka.

Niliiweka simu mezani. Halafu nikavaa viatu.

Mshenga wetu, yule kinyozi, bado ana kibanda chake kile kile chenye vioo viwili. Nilimkuta ananyoa. Nikamnong'oneza shida yangu. Akazima mashine, akamwambia mteja wake, "Ndugu, nivumilie, nimeitwa kwenye kazi ya heshima." Nikamsihi ammalizie kwanza, maana kichwa kilikuwa nusu kwa nusu. Akammalizia haraka, akafunga kibanda, akaenda kwake kubadili nguo.

Hapo ndipo tulipokosea, Shangazi. Alirudi amevaa koti. Koti lile lile la siku ya posa, limepigwa pasi, na viatu vinang'aa. Nikamwambia, "Mzee wangu, ni habari ya gari tu." Akanijibu, "Mimi sijui kwenda kwa wakwe nusu nusu."

Tulipofika gereji, Baba alikuwa chini ya basi dogo, inaonekana miguu tu. Mshenga akapiga hodi. Baba akajivuta kutoka juu ya boksi lake la kulalia, akaona viatu vinavyong'aa, akapandisha macho taratibu, akaona koti, akaona uso wa mshenga, kisha akaniona mimi nyuma yake nimeinamisha kichwa. Spana ikamtoka mkononi.

Akawaambia vijana wake, "Tokeni nje kidogo." Wakatoka. Akajifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa haifutiki zaidi.

Mshenga, badala ya kusema jambo, akakohoa, akaanza: "Mzee mwenzangu. Wakati ule tulikuja kwako kwa furaha, tukaomba, ukatupa. Leo tumerudi. Tumerudi na jambo zito, na linatuwia vigumu kulitamka."

Niliona midomo ya Baba inacheza. Akasema, "Amefanya nini?"

Mshenga akasema, "Subiri, tufuate utaratibu."

"Utaratibu wa nini? Nimekuuliza mwanangu amefanya nini." Kisha akanigeukia mimi, na sauti ikashuka. "Sikiliza. Kama ni kumrudisha, mrudishe. Sitakuuliza kosa lake. Chumba chake kipo, nitakipaka rangi. Ila usimsemee maneno mabaya huko nje. Hilo tu nakuomba."

Shangazi, hapo sikungoja utaratibu. Nikampita mshenga na koti lake, nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Baba, ni usukani!"

"Usukani wa nani?"

"Wa Kibogoyo, Baba. Haurudi. Haujarudi tangu siku uliponipa funguo."

Akanitazama. Akamtazama mshenga. Kisha akakaa juu ya tairi lililokuwa pale, akajifunika uso na kile kitambaa chenye grisi, mabega yakawa yanatikisika. Sikujua kama anacheka au analia. Nadhani yalikuwa yote mawili. Alipoondoa kitambaa alikuwa na doa jeusi toka paji la uso mpaka kidevuni, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia.

Halafu akakasirika. "Siagi!" akapaza sauti. "Uliniambia siagi! Nimeitangaza siagi yako mtaa mzima! Mimi nangoja uniambie zimelegea au hazijalegea, wewe unanipaka siagi?"

Nikamweleza ile habari ya duka la dawa. Nilipofika kwenye yule bibi, akatikisa kichwa. Nilipofika kwenye mikono ya binti yake ikivuta usukani pamoja na yangu, akasimama.

"Alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani, Baba."

Akachukua jeki mwenyewe, akatuongoza kwa miguu mpaka hapa nyumbani, akichechemea kwa lile goti lake. Mshenga alivua koti, akalitundika kwenye kioo cha Kibogoyo, akawa anampokeza spana. Gurudumu la kushoto likafunguliwa. Ile kingipini mpya haikutoka kwa mkono, ikabidi igongwe. Ilipotoka ilikuwa kavu, imeanza kuwa na michubuko, hakuna hata harufu ya grisi.

Baba akachungulia ndani, akaingiza kidole. Unaona Shangazi, ile bushi ina tundu dogo ubavuni, nalo linatakiwa likae sawasawa na mahali grisi inapoingilia. Upande wa kulia lilikaa vizuri. Huku kushoto aliigonga bushi ikiwa imegeuka, tundu likaelekea kwenye chuma kitupu. Kila nilipopiga grisi, ilikuwa inaishia nje, na ndani chuma kinasaga chuma.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba mambo kama hayo hutokea. Hakunipa nafasi. Majirani walikuwa wamesogea, na vijana wake walikuwa wametufuata. Aliinyanyua ile bushi juu ili wote waione, akasema, "Tazameni vizuri. Kazi hii ni yangu, na kosa hili ni langu. Niliigonga bila kutazama tundu. Ningeua watu." Akaiweka mfukoni mwa ovaroli yake. Kisha akanigeukia: "Na wewe una lako, lakini la kwako tutalizungumza tukimaliza."

Kazi ilikwisha kabla jua halijazama. Baba akapanda mbele, upande wa abiria, akiuinua mguu wake mbovu kwa mikono, akaniambia twende kwenye kona ile ile. Nilikata kushoto pale kwenye duka la dawa. "Achia," akasema. Nikasita. "Achia mikono, nimekwambia." Nikaachia. Usukani ukarudi wenyewe, polepole, mpaka ukanyooka. Tulizunguka kona ile mara nyingi kiasi kwamba muuza dawa alitoka nje kutuuliza tumepoteza nini.

Tukiwa njiani kurudi alinipa ile sehemu yangu. Aliniambia hivi: "Ukiwa nyumbani kwangu wewe ni mkwe, nami nitakuheshimu na wewe uniheshimu. Ukiwa umeshika usukani wewe ni dereva, na mimi ni fundi wako. Dereva akimdanganya fundi, hiyo si heshima. Hiyo ni kunizika mimi na binti yangu kaburi moja. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa, Baba. Akasema, "Niite fundi." Nikashindwa. Akacheka, akasema basi nianze kesho.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa maseremala kabla hawajafungua. Kiongozi wao akazunguka gari, akaniuliza kama limepona. Nikamwambia apande ajionee. Hakupanda, lakini alisema pakia. Tangu siku hiyo sijakosa mzigo hata mara moja, na mikono yangu haiumi. Namshukuru Mungu, nawashukuru watu wote hawa, na wewe kwanza kabisa. Ningeendelea na hekima yangu mwenyewe, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Mshenga amekataa kupokea chochote. Anasema hiyo ilikuwa sehemu ya ile ile kazi ya mwanzo. Ila kila anayenyoa pale lazima asikie habari hii, na kila mara inakuwa ndefu zaidi. Nasikia siku hizi lori lilikuwa limepanda juu ya benchi.

Habari nyingine ni chache. Bati la jikoni lililokuwa linavuja nimelibadilisha. Dada yangu amehamia karibu na kazini kwake na sasa halalamiki tena juu ya asubuhi. Ile picha uliyoomba nitaitafuta sandukuni, nadhani iko na vyeti vyangu vya shule.

Nimalizie na jambo la leo hii, nikiwa bado na furaha yake. Mchana Baba alikuja kututembelea. Miaka yote huja, hukaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mimi mwenyewe humtengenezea chai kwa heshima yake, hunywa yote, hushukuru, huondoka. Leo alikaa katikati ya chumba. Nikamletea chai. Akaonja, akakiweka kikombe chini, akaniita.

"Mkwe, hii chai ina sukari mno. Haijawahi kunyweka."

Mke wangu alishika mdomo. Nikamuuliza, "Tangu lini, Baba?"

"Tangu siku ya harusi," akasema, na akanisukumia kikombe. "Kaitengeneze tena."

Shangazi, nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya jiko nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Siku aliyonipa binti yake nilifurahi, lakini sidhani kama nilifurahi hivi.

Nisalimie binti yako na mumewe, wale mapacha wao, na mzee wa nyumba ya jirani anayekusomea magazeti. Mke wangu anasema mkanda, Shangazi, uvae. Mtoto anakutumia busu lenye pengo. Mungu akulinde unapoketi na unapotembea, akupe usiku mwepesi, na akufikishe siku ya kukaa nasi hapa mkeka mmoja.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukushukuru daima,

Dereva wa Kibogoyo